Nataka kuandika habari za meli zilizozama pwani ya Tanga: nianze na mtungi au na kalamu?

Mwana_wa_Sahare ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu wa rika. Niko Tanga mjini. Kuogelea najua, mashua naiendesha, ila mtungi wa hewa sijawahi kuuvaa. Nataka kuandika kwa Kiswahili habari za meli zilizozama kuanzia Moa hadi Pangani, na kuzizamia mwenyewe ili nisiandike ya kuambiwa tu. Nimesoma kidogo maisha ya Alexander McKee, yule Mwingereza mwandishi na mzamiaji aliyeitafuta Mary Rose, meli ya vita ya kale ya Kiingereza, mpaka ikapatikana. Maisha kama yale kwetu yanawezekana? Mtu anaanzia wapi, majini au kwenye makabrasha? Pale ghuba ya Manza kuna meli ya Rubens, na watu wanataja meli ya Vasco da Gama upande wa Tongoni. Kuna cha kuona, au ni maneno ya barazani? Na kitu nikikikuta chini, ruhusa kukipandisha? Naomba majibu ya wanaoijua kazi. Sitafuti kutiwa moyo.

---

Karatasi_Kongwe amejibu:

Marahaba mwanangu. Umemtaja McKee, basi tuanze naye, maana maisha yake yanajibu nusu ya swali.

Alizaliwa 1918, na alikuwa mwandishi kabla jina lake halijafungamana na kuzama. Mwaka 1965 aliwakusanya wazamiaji wa Southsea, watu wa kazi za kawaida waliokuwa wakizama mwisho wa wiki, wakaanza kutafuta meli za kale kwenye mlango wa bahari wa Solent, kusini mwa Uingereza. Mary Rose ilizama tarehe 19 Julai 1545. Kilichowasogeza karibu nayo kilikuwa karatasi: mwaka 1966 ilipatikana ramani ya bahari ya mwaka 1841 yenye alama ya mahali ndugu wawili wa ukoo wa Deane walipoikuta meli hiyo. Mwaka 1967 na 1968 Harold Edgerton kutoka Marekani alileta sona yake, chombo kinachotumia mwangwi wa sauti majini, na sona ikaonyesha kitu chini ya tope mahali ambapo juu palikuwa patupu kabisa. Mzinga wa chuma ukapatikana 1970. Mbao zenyewe za ubavu zilionekana Mei 1971. Hesabu: miaka 6 ya kutafuta, kwenye maji ambayo mara nyingi mtu haoni mkono wake. Uchimbaji mkubwa uliongozwa na mwanaakiolojia Margaret Rule, na ubavu wa meli ukapandishwa tarehe 11 Oktoba 1982.

Sasa jiulize hao kina Deane waliifikaje mwaka 1836. Waliitwa na wavuvi ambao zana zao zilikuwa zikinasa mahali palepale kila mara. Peter Throckmorton, mwandishi wa habari wa Marekani, naye alikaa Bodrum, Uturuki, mwaka 1958 akiongea na wazamiaji wa sponji, na kwa nahodha mmoja, Kemal Aras, akapata habari za shaba zilizogandamana chini ya bahari. Ndiyo ile meli ya Cape Gelidonya, iliyochimbwa 1960, yenye umri wa miaka zaidi ya 3,000. Na ile ya Uluburun, mwaka 1982, mzamiaji wa sponji Mehmet Çakır alieleza kwamba ameona biskuti za chuma zenye masikio. Vilikuwa vipande vya shaba ya biashara, jumla yake tani 10.

Kwa hiyo kwako mlango wa kwanza ni Deep Sea samaki wanaposhushwa, na Kigombe, na Moa. Mtungi utangoja. Ila usiende kuuliza "meli iliyozama iko wapi". Utapewa hadithi, na kila mtu atakuonyesha kidole upande wake. Uliza nyavu zinachanika wapi wakati chini ni mchanga. Uliza changu na chewa wanakaa wapi pasipo na mwamba, kwa sababu chuma kilicholala kwenye mchanga ni nyumba ya samaki, na mvuvi mzuri hulijua tundu hilo hata kama hajui ni la nini. Waulize pia wazamiaji wa jongoo bahari, maana wao wanaona sakafu kwa macho.

Mvuvi akikuambia mahali, mwombe alama zake za nchi kavu. Huweka vitu viwili kwenye mstari mmoja, tuseme mnara wa msikiti na mnazi uliopinda nyuma yake, kisha viwili vingine upande wa pili. Mistari hiyo ikikatana kwa pembe inayokaribia nyuzi 90, mahali patakuwa sahihi kwa mita chache. Ikikatana kwa pembe nyembamba, kosa dogo la jicho linakupeleka mita 100 pembeni. Andika alama zote nne, piga picha, ndipo uchukue GPS. GPS peke yake haikuambii kama mvuvi alikuwa anakisia.

---

Mapezi_Mawili amejibu:

Mkuu hapo juu kasema vizuri, lakini nampinga kidogo. Kijana asisubiri makabrasha yaishe ndipo ajifunze kuzama. Yanakwenda pamoja, kwa sababu asiyezama hajui aulize nini.

Anza kwa daktari. Masikio, mapafu, moyo. Pumu na kifua kilichowahi kuugua kifua kikuu visifichwe, maana hewa ikinaswa ndani ya pafu wakati wa kupanda, pafu linapasuka hata kwenye mita 3 tu. Kozi ya awali ni siku 4 au 5 na inakuruhusu hadi mita 18. Inayofuata hadi mita 30. Baada ya hapo usikimbilie mabaki ya meli. Fanya mizamio 30 au 40 mahali pepesi, lengo likiwa moja: kukaa umeelea nusu mita juu ya sakafu bila kupiga tope kwa mapezi. Mzamiaji asiyeweza hilo hana kazi Manza. Ghuba ile ina mikoko na tope laini, na teke moja linafunga macho yenu wote kwa dakika 10.

Hesabu ya hewa uijue kichwani. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 una lita 2,400. Acha bar 50 za akiba, ambazo ni lita 600, zinabaki 1,800. Mtu mtulivu anatumia kama lita 20 kwa dakika juu ya maji. Kwenye mita 10 shinikizo ni maradufu, anatumia 40, kwa hiyo ana dakika 45. Kwenye mita 20 anatumia 60, dakika 30. Mgeni mwenye wasiwasi hupumua mara mbili ya hapo, basi kata nusu. Kwenye mabaki fuata theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja usiiguse. Ndani ya meli usiingie. Chuma cha miaka 100 kinashikwa na kutu tu, mapovu yako yenyewe yanatosha kukiangusha.

Kupanda usizidi mita 9 kwa dakika, na simama mita 5 kwa dakika 3.

Hewa ni sumu pia. Wako wanaojazia mitungi kwa kompresa za kupakia rangi, au wanapumulia mpira kutoka kompresa hizo. Mafuta yanaingia kwenye hewa, na bomba la kuvutia likiwa karibu na moshi wa injini unavuta gesi ya kaboni monoksaidi. Kwenye kina, gesi hiyo inakulewesha bila dalili, unazimia kabla hujajua. Bomba la kuvutia liwe upande upepo unakotoka, mita kadhaa mbali na moshi, na hewa ikinuka chochote, mwaga mtungi wote.

Majira: kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo yako. Kusi ikishika kuanzia Aprili, mawimbi yanakoroga na mvua za masika zinaleta tope la mito. Kati ya pepo mbili, Oktoba na Novemba, bahari hulala na maji huwa meupe kuliko wakati wote. Ndani ya mwezi, chagua maji mafu. Siku za bamvua maji ya Tanga hupanda na kushuka kati ya mita 3 na 4, na mkondo kwenye milango ya ghuba unakuburuta kama gunia. Uwe umeshafika chini maji yakikaribia kujaa, uzame dakika 20 kabla na 20 baada ya maji kusimama. Wakati huo maji safi ya nje ndiyo yameingia. Ukizama yakipwa unazama kwenye uji wa mikoko.

Na hili la kwetu hasa. Umezama asubuhi, jioni umepata lifti ya Lushoto. Usipande. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Kwa mwili wako ni sawa na kupanda ndege, na naitrojeni iliyobaki kwenye damu inatoa mapovu. Ngoja saa 12 baada ya mzamio mmoja, 18 kama umerudia. Hata Amani usiende. Watu wanashika sheria ya ndege na kusahau kwamba Usambara iko hapo nyuma ya mji.

Mlipuko wa baruti ukisikika majini, hata wa mbali, mzamio umekwisha. Maji yanabeba shinikizo kuliko hewa, na linalopasuka kwanza ni mapafu, matumbo na masikio.

---

Bi_Msajili amejibu:

Kuhusu kupandisha vitu nitakuwa mfupi. Usipandishe.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kutafuta kwa kuchimba kunahitaji leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Watu wanaisoma hapo wanasema, "Rubens ni ya 1915, basi haimo." Wanakosea mara tatu. Waziri anaweza kutangaza kitu cha baadaye kuwa kinalindwa. Sheria ya usafiri wa meli ya 2003 ina sehemu ya mabaki ya meli, na inamtaka anayeokota atoe taarifa. Na meli iliyokuwa kwenye kazi ya jeshi la nchi nyingine, nchi hiyo huweza kudai kuwa bado ni yake. Mkataba wa UNESCO wa 2001 nao unahesabu urithi wa chini ya maji kuanzia miaka 100 tangu kuzama, na chaguo lake la kwanza ni kuacha kitu kilipo.

Utafiti unahitaji kibali cha COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia. Tongoni na Kigombe zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kwa hiyo hapo utaripoti pia kwa watu wa hifadhi. Kuangalia na kupiga picha ni jambo jingine kabisa na kuchimba. Ukiandika barua ya maombi, tenganisha hayo mawili, maana maombi yanayoyachanganya hukaa mezani.

---

Mwana_wa_Sahare:

Nashukuru sana wakubwa. Bi Msajili nimekuelewa, sigusi. Naomba turudi kwenye meli zenyewe. Ya Vasco da Gama, mbao zinaweza kuwa zimebaki? Na Rubens ina nini sasa hivi, na nitaithibitishaje kwamba ndiyo?

---

Karatasi_Kongwe:

Ya Vasco da Gama haikuzama, mwanangu. Ilichomwa moto, na walioichoma ni wenyewe.

Jina lake São Rafael. Aprili 1498, wakielekea Mombasa, ilipanda mwamba usiku karibu na alfajiri mbele ya pwani hii. Maji yalipokupwa ikabaki kavu, yalipojaa ikaelea. Wenyeji waliwajia kwa mitumbwi na machungwa, na mwandishi wa safari ile akakiri kwamba ni mazuri kuliko ya Ureno. Milima waliyoiona nyuma wakaiita kwa jina la meli, nayo ndiyo Usambara hii. Waliporudi kutoka Bara Hindi mabaharia walikuwa wamekufa wengi hivi kwamba hawakutosha vyombo vitatu. Tarehe 13 Januari 1499 wakatia nanga kwenye miamba ileile, wakahamisha mizigo, wakaichoma. Siku 15 walizokaa, watu wa kijiji walichokiandika "Tamugata" waliwaletea kuku wakabadilishana kwa mashati na bangili. Tamugata ni Mtangata, ndiyo Tongoni. Sanamu ya malaika iliyokuwa kwenye meli iko Lisbon, jumba la makumbusho ya bahari.

Meli iliyopakuliwa kwa siku kadhaa kisha ikachomwa haiachi kitu. Labda mawe ya uzani na misumari. Atakayekuonyesha ubao akasema ni wa São Rafael, mwambie asante na uende. Mbao zilizoachwa wazi kwenye maji ya joto huliwa na funza wa baharini ndani ya miaka michache. Ndiyo sababu mafundi wa mashua hupaka shahamu na kupandisha chombo nchi kavu kila baada ya muda. Mbao huishi tu zikizikwa kwenye tope lisilo na hewa. Mfano uko jirani: Santo António de Tanná, meli ya vita ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus, Mombasa, 1697. Ilichimbwa 1977 hadi 1980, upande uliofunikwa tope ukakutwa mzima, ukapimwa, kisha ukafunikwa tena kwa mchanga.

Rubens ni habari nyingine. Ilikuwa meli ya mizigo ya Waingereza iliyozuiwa Hamburg vita vilipoanza 1914. Wajerumani wakaipa jina la Kronborg, wakaivisha sura ya meli ya Denmark, na Februari 1915 wakaituma chini ya nahodha Carl Christiansen ipeleke makaa kwa manowari Königsberg iliyojificha Rufiji, na silaha kwa jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Kiingereza Hyacinth iliikuta, ikakimbilia Manza. Christiansen akafungua valvu za chini ili maji yaingie na akawasha moto mbao zilizokuwa juu ya sitaha. Kwa mbali ilionekana inateketea. Kwa kweli mizigo ya chini ilikuwa imefunikwa na maji, moto haukuifikia. Hyacinth ilipoondoka, bunduki na risasi zikatolewa. Risasi zilizolowa zilifunguliwa, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya. Makaa ya Königsberg hayakufika, na Julai 11 mwaka huohuo wenyewe wakaizamisha Rufiji.

Hapa makosa ya waandishi ni mengi. Kwanza majina. Tafuta Rubens, Kronborg, na pia Kronberg, kwa sababu Waingereza na Wajerumani waliandika tofauti. Ghuba tafuta Manza, Mansa na Mansabucht. Pili kina: ramani za Kiingereza za zamani zinapima kwa fathomu, na fathomu 1 ni mita 1.83. Mtu amesoma 5 akaandika mita 5 wakati ni mita 9. Tatu, longitudo na latitudo za ramani za kale hazilingani na za GPS. Tofauti inaweza kuwa mamia ya mita, kwa hiyo usiziingize kwenye simu ukaenda moja kwa moja. Chukua umbo la ghuba na pembe za vilele vya rasi.

Nyaraka ziko mahali panne. Shajara za meli za Kiingereza ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, kundi la ADM 53; tafuta Hyacinth, Aprili 1915, uone saa kwa saa. Za jeshi la Ujerumani ziko Freiburg. Lloyd's Register, shirika la kukagua meli, wana ripoti za ukaguzi na michoro ya meli nyingi za biashara, na nyingi zinasomeka mtandaoni bure. Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa wana majalada ya utawala wa Kijerumani. Kabla ya yote hayo pita Makumbusho ya Urithi Tanga, pale boma la zamani.

Waandishi wawili wakikubaliana usifurahi haraka. Angalia kama mmoja hakunakili kwa mwenzake. Shajara ya Hyacinth na maelezo ya Christiansen zikikubaliana, hapo una kitu, maana hao walikuwa maadui.

---

Penseli_Kavu amejibu:

Habari za leo kaka. Naongeza upande wa kupima, kwa sababu kuona chuma chini na kujua ni meli gani ni mambo mawili.

Chuma kwenye maji ya bahari hupungua kwa wastani wa milimita 0.1 kwa mwaka. Miaka 110 ni milimita 11. Bati la ubavu wa meli ya mizigo ya enzi ile lilikuwa na unene unaokaribia huo huo, basi usitegemee kuona meli yenye umbo la meli. Kinachobaki ni vile vinene: boila, silinda za injini, mhimili wa rafadha, nanga, na mataruma ya chini yaliyozama kwenye tope. Rafadha na valvu za shaba ndizo za kwanza kuibwa, kwa hiyo kukosekana kwake hakukuambii lolote.

Anza na boila. Idadi yake, kipenyo, urefu, na idadi ya matundu ya moto kila upande. Kisha injini: silinda ngapi na kipenyo cha kila moja. Daftari la Lloyd's linatoa vipimo vya silinda vya meli kwa inchi, na ni vigumu meli mbili za bandari moja zilingane kwa vipimo vyote. Gamba la matumbawe na kutu linaweza kuongeza sentimita 5 hadi 10 kila upande, kwa hiyo pima ndani ya silinda kama iko wazi, au mahali palipovunjika pakaonyesha chuma chenyewe. Usikwangue.

Ukitaka zoezi la nchi kavu, nenda Fort Jesus. Kuna mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus, manowari ya Kiingereza ambayo Königsberg iliipiga Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Wa kwanza una tundu la milimita 105, wa pili 101.6. Tofauti milimita 3.4 tu. Pima yote miwili uone kama utepe wako na mkono wako vinaweza kuitofautisha. Mtu ambaye nchi kavu hawezi, chini ya maji kwenye ukungu wa tope atatuambia uongo.

Chini, namna ya kupima ni hii. Tandaza utepe wa mita 30 au 50 kutoka ncha moja ya mabaki hadi nyingine, uubane kwa vibano pande zote, uwe umekazwa. Usitumie utepe wa chuma. Mwepesi wa nyuzi za kioo haushiki kutu. Weka alama za kudumu kila baada ya mita 5. Kila kitu unachotaka kukiweka kwenye mchoro, kipime kutoka alama tatu tofauti. Alama mbili zinakupa jibu, ya tatu inakuambia kama umekosea. Pembe kati ya mistari isipungue nyuzi 30, la sivyo kosa la sentimita 2 linakuwa maradufu au zaidi. Kina soma kwenye kompyuta ya kuzamia unayoivaa mkononi na uandike saa hapohapo, kwa sababu bamvua hukubadilishia kina cha kitu kilekile kwa mita 3 kati ya asubuhi na mchana. Wanaosahau saa huchora boila inayopanda na kushuka.

Picha: sogea mstari kwa mstari, kila picha iifunike iliyotangulia kwa asilimia 70 au zaidi, na weka rula ya rangi nyeusi na nyeupe kwenye fremu. Maji yakiwa na tope usiwashe taa iliyo karibu na lenzi, kila punje itawaka kama theluji. Weka taa pembeni kwa urefu wa mkono.

Mzamio mmoja, kazi moja. Anayepima hapigi picha.

Na jambo ambalo wote mmeliruka: Rubens ilibeba risasi. Mahali popote ulipo uchafu wa vita, kitu chenye umbo la mche au mkebe uliogandamana kikae hapo. Baruti ya zamani iliyolowa si kwamba imekufa. Piga picha, andika mahali, toa taarifa polisi.

---

Mapezi_Mawili:

Dada umenikosoa kwa haki, hilo la risasi nililiacha. Niongeze moja kwa sababu yake: usiwape watu mahali kamili kwenye maandishi. Andika "ghuba ya Manza", inatosha. Namba za GPS ziende kwa Mambo ya Kale tu. Mabaki yakichapishwa na namba, mwezi wa pili kuna mtu na nyundo anatafuta shaba ya kuuza kwa kilo.

---

Karatasi_Kongwe:

Kuhusu kula kwa kazi hii hujajibiwa, nami sitakudanganya. Fanya hesabu ya mfano. Kitabu cha shilingi 15,000, mrabaha wa asilimia 10, nakala 500: ni shilingi 750,000, na uandishi wake umechukua miaka. Injini ya mashua ya nguvu za farasi 15 inakula lita 5 hadi 7 za petroli kwa saa ikienda kasi. Kitabu hakilipi safari zake. Wanaodumu wana kazi nyingine inayolala karibu na bahari: kuongoza wageni, kufundisha kuzama, kupiga picha, kuandika makala za magazeti, kutafsiri nyaraka. Wewe una faida moja ambayo McKee hakuwa nayo: habari za pwani hii kwa Kiswahili hazijaandikwa vya kutosha, na mashahidi wa upande wa wenyeji hawamo kabisa kwenye shajara za Kew. Nani alibeba yale masanduku kutoka Manza 1915, alilipwa nini, wajukuu wake wanasema nini? Hilo linahitaji daftari na mkeka. Halihitaji hewa.

---

Mwana_wa_Sahare:

Nimeelewa wakubwa zangu. Jumamosi naanza Moa na daftari, nimeshapata mzee wa kunipeleka kwa wavuvi. Dada Penseli_Kavu, swali dogo la mwisho. Chini ya maji unaandikia nini hasa, na ncha ikivunjika?

---

Penseli_Kavu:

Ubao mweupe wa plastiki, usugue kwanza kwa msasa laini, la sivyo penseli inateleza. Penseli ya kawaida ya mbao, laini, B au 2B. Ya kubonyeza usilete, chemchemi yake inashika kutu wiki ya kwanza. Funga mbili, kila moja na kamba yake, ncha pande zote mbili. Na uandike tarehe juu kabla hujaingia majini, kwa sababu ukitoka utakuwa umechoka utaiacha.